Ile picha ya pikipiki: anza na tangi

Mpendwa Salum,

Salamu nyingi kwako na kwa wote nyumbani. Upande wa mbele wa ile kadi ya picha ya zamani, unayotaka kujua ni ya mwaka gani, nimeupata: vijana watatu na pikipiki zao.

Mwaka usiutafute kwenye kofia wala koti. Koti zuri huvaliwa miaka kumi. Tazama matangi. Pikipiki ya kushoto ni Indian, chapa ya Kimarekani iliyoundwa Springfield, Massachusetts. Tangi limekaa juu ya madigadi ya nyuma kama nundu ya ngamia. Mwaka 1909 Indian walilihamishia mbele, katikati ya fremu, kama kwenye Indian ya pili, ya katikati. Hiyo ya pili ina pia springi za bapa kwenye foku (mikono inayoshika gurudumu la mbele), mfano wa zile za lori, zilizoingia 1910.

Wengi hukosea hapa: wakiona nundu tu, wanaandika 1908. Pikipiki kuukuu hupigwa picha pamoja na mpya, kwa hiyo umri wa picha unautoa kwa ile changa kuliko zote. Kwako ni Harley-Davidson ya kulia. Silinda zake mbili zimekaa kama herufi V, na nyuma ya kiatu cha kijana yanachungulia meno ya sproketi, gurudumu dogo la kuvuta cheni. Harley za awali zilivutwa na mkanda. Cheni ilianza 1912. (Indian walitumia cheni tangu mwanzo, hivyo kwao haisemi kitu.) Basi picha si ya kabla ya 1912. Inaweza kuwa ya baadaye.

Nyuma ya kadi, mahali pa stempu, kuna neno AZO (chapa ya karatasi ya picha) na pembetatu nne? Zikielekea juu zote, karatasi ni ya takriban 1904 hadi 1918. Mbili juu, mbili chini, ni baada ya hapo.

Tafadhali usiipake rangi kwa programu. Filamu nyingi za wakati ule hazikuiona nyekundu, ilitoka nyeusi. Indian hizo zinazoonekana nyeusi huenda ni nyekundu, rangi yao maarufu.

Kadi imejikunja, usiilazimishe kunyooka: tabaka la picha litapasuka. Usitie gundi, selotepu wala lamineti. Iskani kwa nukta 1200 kwa inchi, uhifadhi kama TIFF (faili la picha lisilopunguza ubora), kisha ikae kwenye bahasha ya polyester. Plastiki ya PVC hutoa kemikali inayoharibu picha. Maelezo yaandike nyuma, pembeni, kwa penseli laini.

Nitumie kwanza skani ya upande wa nyuma.

Wako,
Rashidi