Barua ya wazi kwa vijana mnaosoma mbele ya skrini

Wajukuu zangu,

Salamu nyingi. Nilifundisha darasani hadi nikastaafu, na hadi leo vijana huniletea kazi zao za masomo ya mtandaoni niwasaidie. Mengi ninayoyaona yananifurahisha. Moja linaninyima usingizi, na hilo ndilo lililonifanya nishike kalamu.

Sisemi kwamba kusoma kwa mbali ni kusoma nusunusu. Wazee wenzangu wanaodai hivyo wamesahau historia. Mwaka 1840, kule Uingereza, Isaac Pitman alianza kufundisha kwa posta hatimkato, yaani mwandiko wa alama fupi wa kuandika upesi: mwanafunzi ananakili maandiko kwa hatimkato, anamtumia, naye anayasahihisha na kuyarudisha. Nelson Mandela alihitimu shahada ya sheria ya Chuo Kikuu cha Afrika Kusini mwaka 1989, akisoma kwa masafa akiwa kifungoni. Umbali haukumshinda. Ila tazameni vizuri habari ya Pitman: kosa la mwanafunzi lilionekana. Aliliandika kwa mkono wake, likamfikia mwalimu, likarudi limesahihishwa.

Hilo ndilo naliona likipotea kwenu. Niliwahi kuketi kando ya kijana akiwa kwenye kipindi. Skrini nzima ni miraba myeusi yenye majina, kamera zimezimwa, sauti zimezimwa. Mwalimu akauliza, "Mmenielewa?" Kimya. Akauliza tena. Kikatokea kidole gumba kimoja, vingine vikafuata, na jirani yangu naye akabonyeza chake. Nikamnong'oneza: umeelewa kweli? Akatikisa kichwa. "Nitatafuta baadaye." Na kweli alitafuta, akalipata jibu mara moja, akalinakili. Hakuna aliyejua kwamba hakuelewa, na nina hakika hadi jioni hata yeye mwenyewe alishasahau.

Ninyi mliokua na simu mkononi mmezoea kujirekebisha kabla hamjaonekana. Picha haikupendeza, mnaifuta na kupiga nyingine. Ujumbe mnaufuta kabla haujasomwa. Kwenye masomo tabia hiyo inawaumiza, maana mficha uchi hazai. Sasa kuna na akili mnemba, inayoandika insha safi kwa dakika chache. Ukiituma hiyo, mwalimu atakesha akisahihisha kazi ya mashine, na wewe utabaki ulivyokuwa.

Wanaozima kamera kwa sababu bando limeisha au chumba kimejaa watu, sina neno nao. Shule zilipofungwa mwaka 2020, UNICEF ilikadiria kwamba watoto wasiopungua milioni 463 hawakuweza kufikiwa na masomo ya mbali. Wenye bando na muda wa kusoma barua hii ndio ninaowasema.

Kuna na hizi video za masomo. Mnazirudia mara tatu, mara nne, na kila mara mnajiona mmeiva zaidi. Mwaka 2006 watafiti wa Marekani, Roediger na Karpicke, waliwapa wanafunzi maandishi wasome. Wengine wakayarudia kuyasoma, wengine wakayaweka kando na kujaribu kukumbuka wenyewe. Baada ya wiki moja waliojaribu kukumbuka ndio waliobaki na mengi, ingawa waliorudia kusoma ndio waliojiamini zaidi. Nami naona hivyohivyo kwa vijana wanaonijia: anayejisikia ameelewa na aliyeelewa si mtu mmoja. Basi video ikiisha, ifunge, chukua karatasi tupu, andika ulichobaki nacho. Utapata tabu, na mwanzoni karatasi itakuwa na mistari michache ya aibu. Iache hivyo, usiirembe.

Kisha ipeleke kwa mtu. Mwandikie mwalimu na utaje ulipokwama: "Nimefika hatua ya tatu, sioni kwa nini alama imegeuka." Swali kama hilo atalijibu. Ukimwambia "somo lote sijaelewa," hana pa kuanzia. Na kwenye kundi lenu la simu, mnakotumiana majibu, tafuteni wanne au watano mkutane hata kwa sauti tu, mmoja aeleze bila kusoma popote, wenzake wamkatize anapobabaika, asicheke mtu. Anzeni na lile somo mnaloliogopa kuliko yote.

Ni mimi,
Babu yenu, mwalimu mstaafu