Barua kwa Rukia kuhusu kijiji cha Ripley

Cincinnati, Ohio
Jumatano usiku

Shoga yangu Rukia,

Assalaam alaykum. Natumai barua hii itakukuta u mzima wa afya, wewe na mama na watoto, na kwamba mguu wa Kaka Hamisi umeshapona. Sisi huku hatujambo. Najua nimekaa kimya tangu Mfungo Mosi na sina udhuru wa kutosha. Zamu za usiku zilinizidi nguvu, na simu zako zote mbili ziliingia nikiwa kazini. Naomba radhi. Jumapili iliyopita, hata hivyo, nilikwenda mahali paliponirudisha moja kwa moja kwenye mazungumzo yetu barazani kwa Bi Mwanaidi, na tangu siku hiyo nimekuwa nikikutungia barua hii kichwani.

Mahali penyewe ni kijiji kiitwacho Ripley, kiasi cha maili 50 kutoka hapa, ukiufuata Mto Ohio kuelekea unakotoka. Wakazi wake hawafiki 2,000. Kilianzishwa mwaka 1812 na Kanali James Poage, mtu wa Virginia aliyewaacha huru watumwa wake mwenyewe. Hapo zamani watu waliishi kwa kuunda mashua, kusindika nyama ya nguruwe na kuipakia melini, na baadaye kwa tumbaku, ambayo bado inafanyiwa tamasha kila Agosti. Nyumba za matofali za Front Street zimejipanga kuutazama mto, karibu nao kiasi kwamba mtu aliyekaa mlangoni anaweza kusikia maji yakigonga ukingo.

Mto huo ndio ninaotaka uupige picha moyoni. Ng'ambo ya kusini ni Kentucky, ambako utumwa ulikuwa halali. Upande wa kaskazini ni Ohio, ambako ulikatazwa tangu sheria ya mwaka 1787, kabla hata Ohio haijawa jimbo. Nilidhani mpaka unapita katikati ya maji, kumbe sivyo. Mto karibu wote ni wa Kentucky, mpaka kwenye ukingo wa kaskazini, kwa hiyo mtoro aliyekuwa ndani ya mtumbwi, hata akiwa amebakiza pima mbili tu kufika, alikuwa bado katika nchi ya bwana wake. Na akishakanyaga mchanga hakuwa amesalimika, kwa sababu sheria ya nchi nzima, iliyokazwa zaidi mwaka 1850, iliwaruhusu wawindaji kumfuata popote na kumrudisha.

Nyuma ya kijiji kuna kilima kirefu, na juu yake nyumba ndogo ya matofali ya mchungaji John Rankin, ambamo yeye na mkewe Jean walilea watoto 13. Walikuwa wakiwaficha watoro, na usiku waliweka taa dirishani ya kuwaongoza, nayo ilionekana kutoka Kentucky. Nilipanda kwa ngazi zinazoshuka kuelekea mtoni, zinazoitwa ngazi 100 za uhuru. Nilipofika katikati pumzi zilinikatika, nikashika goti na kugeuka nyuma. Maji yalikuwa yametulia, yakikata kona polepole, na vilima vya ng'ambo vilikuwa karibu mno, Rukia, karibu kama Kaole inavyokuwa karibu na ninyi huko Bagamoyo. Mimi nilipanda mchana, nimevaa viatu, na hakuna aliyekuwa akinifukuza.

Rankin naye alianza kwa barua. Mwaka 1824 alipata habari kwamba ndugu yake Thomas, aliyekuwa Virginia, amenunua watumwa, naye akamwandikia barua moja baada ya nyingine akipinga jambo hilo, zikachapishwa katika gazeti la hapo kijijini, na mwaka 1826 zikatoka kama kitabu. Ndugu huyo hatimaye aliwaacha huru watu wake akahamia Ohio.

Sasa nifike kwenye jambo lililoninyima usingizi. Mwaka 1838, mwishoni mwa kipupwe, mwanamke mmoja alivuka mto huo kwa miguu akiwa amembeba mtoto wake mchanga, juu ya barafu iliyokwisha kuanza kuvunjika, akizama na kujiinua tena. Ukingoni alimkuta mtu aliyekuwa akiwinda watoro kwa ujira, lakini inasimuliwa kwamba mtu huyo alisikia kilio cha mtoto, moyo ukamlainika, akamwonyesha njia ya kilimani. Baada ya miaka michache mwanamke huyo alirudi Kentucky kuwatoa watu wake waliobaki. Katika Uncle Tom's Cabin, riwaya ya Harriet Beecher Stowe ya kupinga utumwa, anaitwa Eliza, na dunia nzima ikamjua kwa jina hilo. Lakini Eliza ni jina la riwaya. Jina alilopewa na mama yake halikuandikwa popote.

Mlinganishe na John Parker. Yeye alizaliwa mtumwa Virginia mwaka 1827, akauzwa akiwa na miaka minane, akajinunua mwaka 1845 kwa dola 1,800 alizozipata kwa kazi ya kusubu chuma. Baadaye alihamia Ripley, akafungua kiwanda chake kando ya mto, na akapata hataza za mitambo aliyoibuni, ukiwamo wa kushindilia tumbaku. Mchana alikuwa kiwandani. Usiku alivuka kwenda Kentucky kuwaleta watu. Safari moja aliingia chumbani kwa bwana mmoja aliyekuwa akimlaza mtoto wa watumwa wake miguuni mwa kitanda chake ili wazazi wasithubutu kutoroka, naye Parker akamnyakua mtoto huyo huku bastola zikiwa kando ya kitanda. Haya tunayajua kwa sababu katika miaka ya 1880 mwandishi wa habari aitwaye Frank Gregg aliketi naye akayaandika maneno yake. Maandishi hayo yalikaa katika nyaraka za chuo kikuu hadi yalipochapishwa mwaka 1996. Mtu mmoja aliketi, akauliza, akaandika. Hiyo ndiyo tofauti kati ya Parker na yule mama.

Ndiyo maana nakuomba, shoga yangu, na sikuombi kwa wepesi. Unakumbuka Bi Mwanaidi alivyotuambia kwamba bibi wa mama yake aliletwa Bagamoyo kutoka bara akiwa binti mdogo, na kwamba alikuwa na jina la kwao kabla ya kupewa lile la pwani? Alilitaja, nami nililisikia kwa masikio yangu, lakini nimejaribu kulikumbuka siku nne sasa na haliji. Kwetu utumwa haukufutwa kisheria mpaka mwaka 1922, kwa hiyo hatuzungumzii mambo ya kale sana. Bi Mwanaidi alilelewa na watu waliomjua yule bibi. Nenda ukakae naye. Beba daftari, usitegemee simu peke yake, na mwulize taratibu, maana siku ile aliponyamaza sikudhani kuwa amesahau.

Je, bado anaamka mapema na kukaa barazani, au macho yamemzidi? Wewe unalikumbuka lile jina, au hata silabi yake ya kwanza? Alisema ni la Kimanyema, au mimi nimechanganya na maneno ya Mzee Shomari? Je, wanawe watakubali liandikwe, au kuna watakaoona ni aibu? Na kama wakikataa, yeye mwenyewe anataka nini? Niandikie hata kama ni mistari mitatu. Nitapiga simu Ijumaa baada ya magharibi ya huko. Tafadhali uwe karibu.

Nisalimie mama, na umwambie shuka zilifika.

Wako,
Zainabu