Asasi za kiraia zishirikishwe tangu takwimu za elimu zinapokusanywa

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nizungumzie jambo linalonisumbua kila ifikapo Julai, wakati serikali mbalimbali zinapowasilisha kwenye Umoja wa Mataifa, New York, kwa hiari, ripoti za utekelezaji wa Malengo ya Maendeleo Endelevu. Kwa upande wa Lengo la 4, linalohusu elimu bora kwa wote ifikapo mwaka 2030, ripoti hizo huandaliwa na serikali zilezile zinazotathminiwa, na mara nyingi asasi za kiraia huitwa mwishoni, zikakabidhiwa rasimu nene asubuhi na kutakiwa kutoa maoni kabla ya jioni. Kikao cha namna hiyo huwezesha kuandikwa kwamba wadau walishirikishwa, lakini hakiwezi kurekebisha takwimu zilizokwisha kufungwa.

Makubaliano yenyewe hayakukusudia hivyo. Mpango wa Utekelezaji wa Elimu 2030, uliopitishwa Paris Novemba 2015, unataka asasi za kiraia zihusishwe katika hatua zote, tangu kupanga hadi kufuatilia na kutathmini, na ushiriki wao uwekewe utaratibu wa kudumu.

Umuhimu wa kuanza mapema unaonekana katika kipimo cha kujifunza. Kiashiria cha kwanza cha Lengo la 4 hakiulizi ni watoto wangapi wameandikishwa. Kinauliza ni wangapi wanafikia kiwango cha chini cha kusoma na hisabati. Wizara ina daftari la uandikishaji na matokeo ya mitihani, lakini mtihani unaofanyika darasani haumgusi mtoto aliyeacha shule wala asiyewahi kuandikishwa. Pengo hilo ndilo lililozibwa na asasi ya Pratham nchini India kuanzia mwaka 2005, kupitia tathmini ya ASER, na baadaye na mpango wa kiraia uitwao Uwezo katika Kenya, Tanzania na Uganda. Watu wa kujitolea huenda nyumbani, wakaketi na mtoto mmoja mmoja na kumpa karatasi yenye herufi, maneno, aya fupi na hadithi, ili ijulikane anaishia wapi. Hapo ndipo ilipodhihirika kwamba wapo watoto wengi waliokaa darasani miaka kadhaa bila kuweza kusoma hadithi ya kiwango cha darasa la pili. Mzazi anayeshuhudia mwanawe akikwama kwenye aya hahitaji kusubiri ripoti ya kimataifa ili aanze kuuliza maswali shuleni, na kwangu mimi hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote.

Bajeti nayo inahitaji jicho hilohilo. Mpango huo wa Paris unazihimiza nchi zitenge asilimia 4 hadi 6 ya pato la taifa kwa elimu, au asilimia 15 hadi 20 ya matumizi ya umma, au vyote viwili. Fedha iliyotengwa bungeni na fedha iliyofika shuleni ni mambo mawili tofauti, na anayeweza kuyalinganisha ni yule aliye karibu na shule na asiyewajibika kuitetea wizara.

Bila shaka asasi nazo zina wajibu. Zieleze hadharani zilivyochagua sampuli, nani alizifadhili na mipaka ya matokeo yao, kwa sababu serikali ikipata kosa moja la hesabu italitumia kuitupa kazi nzima. Aidha, asasi inayotegemea fedha za wizara inayoifuatilia haina budi kuliweka wazi hilo.

Ninachoomba ni kwamba kila nchi inayojiandaa kuwasilisha ripoti iziweke asasi za kiraia, pamoja na vyama vya walimu na vya wazazi, katika kamati ya takwimu tangu siku ya kwanza. Izipe rasimu wiki kadhaa kabla ya kikao. Na pale zinapotofautiana na serikali, maoni yao yachapishwe kama kiambatisho cha ripoti hiyohiyo.

Wako,
Mdau wa elimu