Krismasi ya kwanza bila Mwalimu, salamu kutoka Kengeleni

Wakubwa zetu shikamooni, wadogo hamjambo, majirani zetu Waislamu asalaam aleikum. Krismasi njema kutoka kwetu sote nyumba ya Mwalimu, bibi yetu, hapa Kengeleni, Mombasa. Najua mlizoea salamu hizi ziwafikie kwa kadi yenye mwandiko wake, herufi zimesimama wima zote kama watoto wa darasa la kwanza kwenye mstari wa asubuhi. Bibi alitutoka katikati ya mwaka mkijua, kwa hivyo nimetwikwa kazi mimi mjukuu, na mkiona pahali herufi imepotea basi nisameheni tu, mwenye biro nyekundu hayupo.

Kaskazi imeshaanza kuvuma, maembe yamejaa soko la Kongowea, nazi imepanda bei vile hupanda kila Disemba, na wageni wa bara wanashuka na treni ya SGR hadi huko ufukweni Pirates hakuna pa kukanyaga. Yani kila kitu kiko vile vile na hapo ndo panaponiuma, unaona kama msimu nao ungengoja kidogo lakini wapi.

Kwa wale hawakumjua vizuri, bibi alifunza darasa la kwanza karibu maisha yake yote ya kazi na hakutaka kutolewa hapo. Aliwahi kuitwa awe naibu wa mwalimu mkuu akakataa, kisa ati ofisini hakuna mtu anajifunza kusoma. Alianza enzi za maziwa ya Nyayo, yale ya bure shuleni, zile pakiti za pembe tatu, mfumo wa elimu wa 8-4-4 ukaingia 1985 ukamkuta darasani, halafu 2003 masomo ya msingi yalipofanywa bure ndo akaona mambo, watoto wamekaa sakafuni mpaka mlangoni, wengine mijitu mizima sauti zishavunjika na wote wako ba be bi bo bu. Walimu walilalamika na walikua na haki yao, hata yeye alilalamika, lakini alilalamika jioni, kwa nyumba, miguu iko kwenye beseni la maji ya chumvi. Asubuhi saa kumi na mbili u nusu ashavuka barabara zamani. KCPE, ule mtihani wa kumaliza shule ya msingi, ya mwisho ilipofanywa 2023 alikua mstaafu, akatazama habari kwa TV akasema haya, sasa waniletee huo mtaala mpya niusome. Na akausoma kweli.

Kanisani nako hakukua na mchezo. Kiti chake ni kile cha chini ya feni mbovu, watu wote wanakikwepa kwa joto, yeye anasema hapo hakuna wa kumsukuma. Na siku ya Krismasi tukitoka ibada, njaa inatuuma, pilau inanukia, hakuna kula mpaka atoe historia. Krapf, yule mmishenari Mjerumani, alifika Mombasa 1844, akamzika mkewe na mtoto mchanga huku huku Nyali hata hajapata kuzoea mji, 1846 akaenda Rabai kuanza misheni. Halafu 1875 ndo Frere Town yetu, watu walookolewa kwenye majahazi ya watumwa wakapewa pa kuishi, kanisa na shule, na ile kengele ya njia panda ikawa ya kuwaonya hatari ikija. Akifika kwa chuo cha wachungaji sauti inapanda, kwamba kilianzia hapa Frere Town 1903 na 1930 wakakihamishia Limuru, leo ni chuo kikuu kizima kiko huko kwenye baridi. Yani hakuwahi kuwasamehe watu wa Limuru, na alikua anawaombea kila Jumapili.

Lakini kitu nataka kuwaambia ni kuhusu rejista. Wakati wa kupanga vitu vyake tulipata rejista ya darasa, ile ndefu ya mistari, ndani yake hakuna jina hata moja la mwanafunzi. Ni sahani za Krismasi. Kila mwaka na ukurasa wake: nyumba ya geti la kijani, mama wa viazi karai, mlinzi wa usiku wa petroli stesheni, mzee wa Kisauni asiye na mtu. Sahani ikienda anapiga alama, ikirudi anapiga nyingine nyekundu. Nyumba za Waislamu zina alama ya nyota, kumbe nyota ni wale walotuletea kaimati na viazi vya nazi Ramadhani, hao wanaongezwa hamri mbili. Pembeni kuna maneno madogo madogo, "ana sukari, usimpe soda", "ameachishwa kazi, peleka mchele pia, peleka usiku". Hilo la usiku nililisoma nikakaa chini.

Matangani watu walisema sana ati pengo lake halizibiki. Inawezekana, sibishani na wakubwa, lakini mimi naona alituachia orodha na kurasa nyeupe bado zipo. Jana mamkubwa alishika mbuzi ya nazi, mjomba akapewa kifumbu akakamua tui huku analia kisha akasingizia vitunguu. Mahamri yalitoka magumu kidogo, atakayeuliza tutamwambia ndo mtindo mpya.

Basi kesho baada ya ibada mlango uko wazi, na nyinyi mlopitia darasa lake mje hata kama hatuwajui, semeni tu mwaka mlosoma. Msioweza kuja, kama yuko mwalimu wenu wa zamani anaishi karibu nendeni mkamsalimie akiwa bado anaweza kuwasahihisha Kiswahili.

Na jambo la mwisho, kwa majirani. Rejista inaonyesha kuna sahani za bati za ukingo wa buluu zilitoka Krismasi iliopita na alama nyekundu haijapigwa. Hatutaji nyumba. Zileteni tu pole pole kabla ya mwaka mpya, na mila ya hapa mnaijua, sahani hairudi tupu.