Kaka, ziwa halikujisafisha

Kaka yangu,

Tangu tulipoanua matanga ya mama hatujasemezana, na watu wa nyumbani wananisihi nikupigie simu. Nimeona heri niandike, kwa sababu kwenye simu ungenikatiza kama ulivyonikatiza siku ile mbele ya wajomba, uliposema kwamba Ziwa Tanganyika ni kubwa na litajisafisha lenyewe dizeli iliyovuja kutoka kwenye mapipa yako.

Kauli hiyo nimeshindwa kuisamehe. Wewe uliyekuwa ukiniamsha alfajiri twende tukapokee vipe, ile mitumbwi ya wavuvi wa dagaa, unajua kwamba dagaa hawaanikwi ziwa zima. Wanaanikwa pale pale mwaloni, juu ya mchanga ambao mafuta yako yaliunywesha. Dizeli huelea, upepo ukaisukuma ufukweni, ikashika nyavu, kamba na mbao za mitumbwi. Wavuvi walikuwa wametoka kungoja miezi 3 ya ziwa kufungwa kwa uvuvi, kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti. Mama mdogo alianika dagaa wake wa kwanza; mnunuzi kutoka Kongo akachota kiganja kimoja, akanusa, akawarudisha na kuondoka na wenzake. Baada ya hapo hata dagaa safi wa mwalo wetu walikosa bei. Fedha aliyonunulia ilikuwa mkopo wa kikundi, na siku ya marejesho haikusogezwa.

Ndiyo, ziwa ni kubwa. Lakini mto unaotoa maji yake ni mmoja tu, Lukuga, na maji mengi zaidi huondoka kwa mvuke, yakiacha uchafu nyuma. Huko kisiwani Morisi, meli iitwayo Wakashio ilikwama Julai 2020, mafuta yapatayo tani 1,000 yakavuja, na wavuvi wakazuiwa kuvua kwenye maji waliyoyazoea. Wavuvi wa Bodo, Nigeria, mabomba ya mafuta yalivuja kwao mwaka 2008, na fidia ya kampuni ya mafuta ya Shell ikakubaliwa 2015. Wale walikuwa na kampuni ya kuidai. Mama mdogo ana wewe tu.

Sijasahau kwamba ada yangu ya shule ilitoka kwenye migebuka uliyovua usiku, ukirudi umelowa na kutetemeka. Kwa hiyo usiwasikilize wanaosema nilikushtaki. Nilikwenda kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni, kwa sababu wewe ulikuwa umekwisha kwenda Tabora, na akina mama walikuwa wakilaumiana wenyewe kwa wenyewe, kila mmoja akidhani mwenzake ameharibu dagaa. Mtu wa nyumba yetu alipaswa kusema mapipa yalikuwa ya nani, nami ningesema tena leo.

Lipa kwanza deni la mama mdogo kwenye kikundi, kisha wenye nyavu. Mapipa yaliyobaki yahamishe kabla mvua hazijaanza, maana bado yameegemea ukuta wa ghala, na maji ya mvua hupita hapo yakielekea ziwani. Ukija nitakupikia ugali na migebuka kama unavyopenda, lakini usifike kwangu kabla hujapita kwake.

Dada yako