Klampu za kwenye ploti: nani aliwapa ruhusa?

Mhariri,

Jumatatu ya kufungua shule, saa kumi na moja na dakika ishirini alfajiri, nilishuka ngazi kutoka ghorofa ya nne na sanduku la bati begani, mwanangu akinifuata nyuma akiburuta godoro. Alitakiwa kuripoti shuleni Machakos kabla ya saa tatu. Tulipofika kwenye gari tukakuta gurudumu la mbele limebanwa na klampu, chuma cha manjano kilichoshika kutu, kimefungwa kwa kufuli kubwa kama ngumi. Kwenye kioo palikuwa na kikaratasi kilichobandikwa kwa gundi: nambari ya simu, na chini yake "3,000". Jina la kampuni hapana. Kosa nililotenda halikuandikwa.

Nikamwamsha bawabu. "Baba Neema, mimi ufunguo sina," akaniambia. "Wako nao vijana wa ofisi." Vijana hao walifika kwa pikipiki saa mbili kasorobo. Walitaka nitume pesa kwa M-Pesa, tena kwa nambari ya mtu binafsi. Nikauliza risiti. "Si utapata meseji?" mmoja akanijibu, na kwa kweli hakuonekana kufanya mzaha. Nililipa. Mtoto aliingia shuleni saa nne na nusu na jina lake likaandikwa pamoja na ya wachelewaji.

Kosa langu lilikuwa kuegesha kwenye nafasi nambari 9. Yangu ni 14, lakini usiku uliotangulia nilirudi saa nne nikakuta ndani yake Probox ya mgeni wa jirani. Niifanyeje? Niliegesha palipokuwa wazi, nikamwarifu bawabu, nikaenda kulala. Ile Probox iliondoka asubuhi bila kuguswa na mtu. Wenzangu kwenye ngazi wanasema ilimwachia mtu ya chai, nami sina ushahidi.

Naandika barua hii kwa sababu najua hali hii haiko kwetu Kasarani pekee. Ukienda Roysambu, Ruaka, Kilimani au Umoja utakutana na chuma hicho hicho cha manjano kikining'inia karibu na lango, na tangazo linalokuahidi kwamba gari lako litafungwa "kwa gharama yako". Tumelizoea hadi hakuna anayeuliza tena: mwenye ploti alipata wapi mamlaka ya kumtoza mtu faini?

Maana hiyo ni faini. Si kodi, wala si deni tulilokubaliana. Mkataba wangu una kurasa mbili, na kuhusu maegesho una sentensi moja tu, kwamba mpangaji ataegesha kwa hatari yake mwenyewe. Klampu haimo. Ilikuja miezi saba baadaye kwa ujumbe kwenye kikundi cha WhatsApp cha wapangaji, katikati ya tangazo la maji kukatwa na malalamiko ya mtu aliyeanuliwa nguo zake kwenye kamba. Kesho yake ilikuwa sheria.

Na tatizo lenyewe limetengenezwa na mwenye ploti. Jengo letu lina nyumba 42. Nimehesabu mistari ya rangi nyeupe mwenyewe: nafasi ni 16, mbili kati yake zikiwa chini ya mnara wa tangi la maji, ambapo gari hulala safi likaamka na madoa meupe ya chumvi. Ejenti anapokuonyesha nyumba hakuambii hesabu hiyo. Anakuambia "paking iko", anaongeza kodi kidogo kwa sababu ya "paking", kisha anampeleka mwenzako nyumba ya juu na kumwambia vivyo hivyo. Ahadi moja inauzwa mara mbili. Watu wawili wakikutana langoni saa tatu usiku, kila mmoja na haki yake mfukoni, anayeadhibiwa ni yule aliyechelewa kutoka kazini.

Sitaki kujifanya sisi wapangaji ni malaika. Kuna mmoja wetu aliwahi kuacha gari mbele ya lango, akazima simu, na lori la maji likarudi lilikotoka huku tangi la jengo likiwa tupu na watoto ndani ya nyumba. Siku hiyo nadhani hata mimi ningeshika kufuli. Lakini hata yeye, mkimfunga gurudumu, mmefanya nini? Gari linaloziba lango mmeligandisha pale pale langoni. Hapo ndipo utajua chuma hiki hakiko kwa ajili ya kufungua njia. Ni cha kukusanya pesa.

Kaunti inapofunga magari katikati ya jiji, sisi madereva hulalamika, na mara nyingi tuna sababu. Hata hivyo ile ni serikali. Katiba, katika Jedwali la Nne, imekabidhi kaunti shughuli za trafiki na maegesho, kuna ofisi unayoweza kuiendea, kuna risiti, kuna diwani wa kumpigia kelele. Kijana wa pikipiki aliyenifungulia gari mimi hana ofisi ninayoijua. Yeye ndiye aliyeniona na kosa, yeye akanihukumu, yeye akapokea pesa.

Linganisha na kodi ya nyumba, ambayo ni deni halisi. Mpangaji akichelewa kulipa, sheria haimruhusu landilodi kuingia na kubeba televisheni. Kuna sheria ya kukamata mali kwa ajili ya kodi, na kazi hiyo hufanywa na dalali mwenye leseni, chini ya sheria ya madalali ya 1996, kwa notisi na orodha ya mali iliyokamatwa. Lakini mwaka jana jirani yangu wa ghorofa ya pili alifungiwa gari kwa sababu kodi ilikuwa imechelewa wiki tatu. Gari lake ni la kazi, hubeba mayai kutoka Thika. Kwa siku nne hakubeba mayai, na kodi ikazidi kuchelewa. Hakuna dalali aliyekuja, hakuna notisi iliyoandikwa. Walitumia klampu kwa sababu klampu ilikuwapo.

Nilipomweleza rafiki yangu wakili, aliniambia jambo lililonishangaza. Sheria zetu nyingi za wapangaji zina mizizi Uingereza, na huko walishalimaliza suala hili. Uskoti, mwaka 1992, mahakama kuu ya jinai iliona kwamba kumfunga mtu gari kwenye kiwanja cha binafsi na kudai pesa ndipo ulifungue ni wizi, na ni kutoza watu pesa kwa vitisho. Kwingineko, England na Wales, Bunge lilipitisha sheria mwaka 2012, na kuanzia Oktoba 1 mwaka huo kufunga gari kwenye ardhi ya binafsi bila mamlaka ya kisheria kukawa kosa la jinai. Ugomvi wa maegesho haukuisha, maana kampuni za huko ziliendelea na kutuma barua za faini. Ila mtu aweza kubishana na barua huku mtoto wake yuko darasani.

Kwetu mpangaji aende wapi? Jopo linalosimamia kodi za nyumba linahusika na nyumba ambazo kodi yake haizidi Sh2,500 kwa mwezi. Nitafutie nyumba ya Sh2,500 yenye maegesho jijini Nairobi nihamie leo. Sheria ya 2020 ya umiliki wa nyumba kwa sehemu imewapa wenye nyumba chama chao, kanuni zao na kamati ya kusuluhisha migogoro ndani ya jengo, lakini hiyo ni ya majengo ambayo kila nyumba ina hati yake. Sisi wa ploti ya landilodi mmoja hatumo. Inabaki Mahakama ya Madai Madogo, ambayo husikiza madai yasiyozidi Sh1 milioni, yakiwemo ya kurudishiwa mali iliyoshikiliwa, na inatakiwa kuamua ndani ya siku 60. Ni njia nzuri, nami namshauri aliyeumia zaidi yangu aitumie. Mimi nilipiga hesabu nikaogopa. Sh3,000 zangu ningezipata, na pamoja nazo notisi ya kuhama.

Mswada wa Wenye Nyumba na Wapangaji wa 2021 ulikusudia kukusanya sheria tatu za zamani na kuzifanya moja. Ukirudi Bungeni kwa sura yoyote, wabunge wetu waongeze kifungu kifupi: hakuna atakayefunga gari la mpangaji kwenye makazi, iwe kwa maegesho au kwa kodi. Mkataba nao useme nafasi ni ngapi, nyumba ni ngapi, na nambari ya nafasi yangu iandikwe humo kama inavyoandikwa nambari ya mita ya stima. Asiyepewa nafasi aambiwe mapema, asitozwe, atafute pa kulaza gari lake. Mgeni aandikwe langoni na apewe mahali pake. Na gari linaloziba njia lisogezwe. Kila bawabu awe na kitabu chenye nambari za simu za wenye magari, kazi isiyohitaji hata bajeti ya mwezi mmoja ya rangi ya manjano.

Kaunti ya Nairobi pia isikae kando. Inapoidhinisha ramani ya jengo huangalia maegesho. Ipite tena baada ya watu kuhamia, ihesabu mistari kama nilivyohesabu mimi.

Juma lililopita nilikuta nafasi nambari 14 imepakwa rangi upya, inang'aa, na juu yake kumelala gari nisilolijua. Nililiacha langu kituo cha petroli kwa Sh200 za usiku, nikarudi kwa miguu. Ile risiti ya Sh3,000 bado naisubiri.

Mpangaji,
Kasarani, Nairobi
(Jina limehifadhiwa)