Harambee ya tovuti na kamera ya kanisa letu hapa Wundanyi, Jumapili ijayo baada ya ibada

Bwana asifiwe wapendwa. Naandika kwa niaba ya kamati ya mawasiliano, na naomba msome mpaka mwisho kabla hamjasema kanisa limeanza tena michango.

Mwezi uliopita tulizika mama yetu mmoja wa umoja wa akina mama, na kitinda mimba wake yuko Doha kazini, ruhusa alinyimwa. Tukampigia video kwa simu ya binamu yake, binamu mwenyewe amepanda juu ya jiwe ili netiweki ishike, na mchungaji alipofika pale pa mavumbi kwa mavumbi simu ikazima chaji. Kijana alikuja kuona mamake akifukiwa siku tatu baadaye, klipu ya sekunde 20 aliyotumiwa kwa WhatsApp. Hiyo kitu mpaka leo haijanitoka moyoni.

Sasa kwenye kikao mzee wetu mmoja aliuliza, watu wakizoea kusikiza neno wakiwa kitandani nani atakuja kukaa kwa benchi? Ni swali la haki kabisa. Lakini jamani mwakumbuka 2020, Machi makanisa yakafungwa, Julai yakafunguliwa kwa masharti, watu wasizidi 100, ibada isizidi saa moja, na aliyepitisha miaka 58 abaki nyumbani. Wale wale waliobeba mawe ya kujenga kanisa hili ndio waliobaki nje, na sisi hatukuwa na njia ya kuwafikishia hata wimbo mmoja wakati makanisa ya mjini yanarusha ibada laivu kila Jumapili. Na waliporuhusiwa walirudi wote, tena mapema kuliko vijana, kwa hivyo mimi siamini tovuti itatupokonya mtu, aliye na kiu ya ushirika atakuja tu.

Tovuti tunayotaka ni nyepesi. Mahubiri yatawekwa kwa sauti, faili ndogo, mtu asimalize bando kwa mahubiri moja. Zile kaseti za kwaya za Kidawida, lugha yetu Wataita, zilizo kwenye kabati la vestri tutazihamisha kabla hazijaharibika, na hapo naomba mwenye redio ya kaseti inayofanya kazi aniambie. Rejista za ubatizo pia tutazipiga picha maana mchwa wameshazianza, lakini hizo hatuziweki mtandaoni, ni siri za watu, na picha ya mtoto haipandishwi mpaka mzazi akubali, sheria ya ulinzi wa data ya 2019 inataka hivyo na hata bila sheria ni heshima.

Kitu kingine, jina la tovuti litasajiliwa kwa jina la kanisa, na nywila watashika watu watatu. Ukurasa wetu wa kwanza wa Facebook ulipotea hivi hivi, kijana aliyeufungua alihamia mjini akabadilisha laini na ikawa basi, picha za miaka minne zote zikaenda.

Hesabu yetu ni shilingi 168,000. Kamera na stendi 62,000, laptopu ya mtumba iliyo nzima 45,000, maikrofoni na nyaya 31,000, zinazobaki 30,000 ni tovuti na intaneti ya mwaka wa kwanza. Vijana wameshachanga 23,500 wenyewe, wamechuma kahawa za watu na kulima mashamba kila Jumamosi, mungewaona.

Mlio mbali tumieni paybill ile ile ya fungu la kumi, kwa akaunti muandike TOVUTI. Mlio nyumbani leteni mlicho nacho, ndizi, mahindi, kuku, kutakuwa na mnada hapo nje chini ya mwembe, na risiti kila mtu atapewa hata wa shilingi hamsini.

Alafu Jumamosi fundi anakuja kupima nyaya mpaka kwenye nguzo ya karibu na kwaya, mwenye ngazi ndefu tafadhali atuazime.